Nani Aliyeuona Mkono?

Leo nawaletea habari za mpira mmoja wa ngozi, mdogo wa kuenea kiganjani, ambao mwaka 2006 uliwagombanisha watu wa mataifa mawili, ukavunja mechi katikati, na mimi mwenyewe ukanitia katika deni ambalo sijalilipa hadi leo.

Lililonikumbusha deni hilo ni mvua. Juma lililopita ilinikuta Mji wa Kale hapa Mombasa, nikajibanza barazani kwa muuza kahawa. Nikawakuta wazee wawili wamo katika ubishi, vikombe mkononi. Mmoja anasema, "Pakistan walidhulumiwa mchana kweupe." Wa pili anamjibu, "Kama hawakuuharibu mpira, kwa nini walijifungia chumbani?" Walikuwa wakiizungumzia mechi ya Testi ya kriketi kati ya Uingereza na Pakistan, uwanja wa The Oval, London, Agosti 2006. Miaka yote hiyo imepita na maneno bado ni ya moto kama kahawa yenyewe.

Kijana mmoja, ambaye naona mapenzi yake ni soka, akauliza kwa adabu: "Lakini wazee wangu, mpira si mpira tu? Ukikwaruzika kuna nini?" Wazee wakacheka, wakaendelea na ubishi wao. Kijana hakujibiwa. Leo nitajaribu kumjibu yeye kwanza, kisha nitakuja kwenye deni langu.

Mpira wa kriketi, msikilizaji, kiini chake ni gome la mti lijulikanalo kama koki, lililozongwa kwa uzi, kisha likavikwa ngozi. Uzito wake hauzidi gramu 163. Katikati umezungukwa na mshono ulioinuka kidogo, unaougawa katika nusu mbili zilizo sawa. Unapotolewa katika boksi, nusu zote mbili zinang'aa. Lakini mechi ya Testi huchezwa hadi siku tano, na mpira mmoja hutumika kwa ova 80 kabla ya timu inayorusha kuruhusiwa kudai mpya. Ova moja ni mirusho sita, kwa hiyo mpira huo mmoja utarushwa mara 480 na zaidi. Utadundishwa ardhini, utapigwa kwa gongo, utagonga mbao za matangazo ukingoni mwa uwanja. Ngozi itachubuka, kama kiatu cha mtoto wa shule.

Hapo ndipo ujuzi unapoingia. Wachezaji huuacha upande mmoja uchakae, na upande wa pili huusugua kwenye suruali ili uendelee kung'aa. Ndiyo maana, ukiwatazama warushaji, utaona suruali zao nyeupe zina madoa mekundu mapajani. Mpira wenye nusu moja laini na nusu moja mbaya haupiti hewani sawasawa. Hewa inayopita upande laini haiachani na mpira pale pale inapoachana nao ile ya upande mbaya, na tofauti hiyo huusukuma mpira pembeni. Mpigaji anauona unamjia moja kwa moja, kisha dakika ya mwisho unapinda.

Kwa kawaida mpira hupinda kuelekea upande uliochakaa. Lakini ukishakuwa mkuukuu, na ukirushwa na mtu mwenye kasi kubwa, hugeuza tabia: hupinda kuelekea upande unaong'aa. Huku ndiko kupinda kinyume. Mpigaji aliyezoea kuusoma mpira kwa namna moja hujikuta anasoma kitabu kilichogeuzwa juu chini. Sanaa hii ilikuzwa na warushaji wa Pakistan. Sarfraz Nawaz anatajwa kuwa miongoni mwa walioianzisha, Imran Khan akaichukua kutoka kwake, na Wasim Akram na Waqar Younis wakaifikisha kileleni.

Sasa, kijana wangu wa barazani, unaona ukikwaruzika kuna nini? Upande mmoja ukichakaa upesi kuliko kawaida, silaha hiyo huja mapema. Na wako watu wasiokuwa na subira ya kuungoja uwanja ufanye kazi yake. Sheria inaruhusu kuusugua mpira kwenye nguo, kuukausha kwa taulo, na kuondoa tope mbele ya macho ya mwamuzi. Hairuhusu kuukwaruza kwa kucha, kuusaga ardhini, kuuinua mshono, wala kuupaka mafuta au kitu chochote cha kutengenezwa. Hata mate, yaliyokuwa halali tangu zama za mababu, yalipigwa marufuku mwaka 2020 kwa sababu ya Korona, na mwaka 2022 marufuku hiyo ikafanywa ya kudumu.

Kabla hatujaingia The Oval, lazima tujue kwamba mchanga wa shaka ulikwisha kumwagwa njiani. Mwaka 1992 Pakistan waliwashinda Waingereza kwao, mechi mbili kwa moja, na waliowaangamiza wenyeji walikuwa Wasim na Waqar. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yakadai kuwa mpira unaopinda hivyo haupindi kwa halali. Pakistan wakajibu kwamba aliyeshindwa kucheza ngoma husingizia uwanja kwamba una mawe.

Wala si kwamba kulikuwa na malaika upande wowote. Mwaka 1994 Imran Khan mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kutumia kifuniko cha chupa kuuchubua mpira katika mechi moja ya majimbo ya Uingereza. Mwaka huo huo, kamera zilimwonyesha nahodha wa Uingereza, Michael Atherton, akiwa na vumbi mfukoni uwanjani Lord's. Alisema lilikuwa la kukaushia mikono. Alitozwa faini ya pauni 2,000. Mwingereza mwingine, Marcus Trescothick, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2008 kwamba alikuwa akitafuna peremende za mnanaa ili mate yake yaung'arishe mpira vizuri zaidi. Na Shahid Afridi, ambaye wapenzi wa kriketi wa Nairobi hawatamsahau kwa kupata mikimbio 100 kwa mipira 37 uwanjani Gymkhana mwaka 1996, alionekana mwaka 2010 mjini Perth akiuuma mpira kwa meno kama mtu anayekula tofaa. Alifungiwa mechi mbili.

Basi turudi Agosti 2006. Uingereza walikuwa wameshinda mechi mbili, moja ilikuwa sare, na hii ya nne ilikuwa ya mwisho. Kwa Pakistan ilikuwa mechi ya kufuta machozi, na walianza kuyafuta vizuri. Waliwaondoa Uingereza kwa mikimbio 173, kisha wao wakapata 504, Mohammad Yousuf peke yake akichangia 128. Waliongoza kwa mikimbio 331. Uingereza walipopiga zamu yao ya pili walikaza meno. Jumapili tarehe 20, siku ya nne, Alastair Cook alikuwa amefika 83 pale Umar Gul alipomrushia mpira uliopinda kinyume ukamnasa mguuni. Mechi ikawa ya kushika roho mkononi. Pakistan walihitaji wiketi zaidi. Uingereza walihitaji muda.

Si muda mrefu baadaye waamuzi wawili, Darrell Hair wa Australia na Billy Doctrove wa West Indies, wakaukagua mpira. Wakashauriana. Kisha Hair akajigonga begani kwa mkono wa pili. Ishara hiyo wengi hawakuwahi kuiona katika Testi. Maana yake ni kwamba timu inayorusha imetozwa adhabu na wapigaji wameongezewa mikimbio mitano. Mpira ukabadilishwa, na wapigaji wa Uingereza wakapewa nafasi ya kuchagua mwingine. Hakuna mchezaji aliyetajwa. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe ndiwe uliyefanya."

Pakistan waliendelea kucheza mpaka mwanga ukafifia na watu wakaenda kunywa chai. Nadhani huko chumbani ndiko mzigo ulikowashukia. Mikimbio mitano si kitu kwa timu iliyopata 504. Lakini maana yake ilikuwa nzito: ninyi nyote kumi na mmoja ni walaghai, na dunia nzima imeambiwa. Chai ilipokwisha, waamuzi walitoka. Wapigaji wa Uingereza walitoka. Nahodha wa Pakistan, Inzamam-ul-Haq, na watu wake hawakutoka. Waamuzi wakarudi ndani, wakatoka tena, na mara hii wakaviondoa vile vijiti vidogo vinavyokaa juu ya wiketi. Mechi imekwisha. Pakistan walipokuja uwanjani baadaye, waamuzi hawakurudi. Usiku ikatangazwa rasmi kwamba Uingereza wameshinda kwa sababu wapinzani wao wamekataa kucheza. Mechi za Testi zilianza mwaka 1877, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea hata mara moja.

Sasa nafika kwenye deni langu, wasikilizaji. Wakati huo diploma yangu ya uandishi wa habari ilikuwa bado inanukia wino. Nilikuwa nikisoma habari za michezo katika kituo kimoja cha redio, na Jumatatu asubuhi ile nilikuwa na dakika moja na nusu ya kuijaza. Nikaandika kwamba wachezaji wa Pakistan wamekamatwa wakiuharibu mpira, na kwamba wamekimbia mechi kwa aibu. Kisha, nikijiona fundi wa lugha, nikafungia taarifa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sikupita hata nusu saa, simu ya studio ikalia. Sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeisikia taarifa yako. Umesema wamekamatwa. Mimi jana nimekaa mbele ya televisheni tangu mchana mpaka walipotoka uwanjani. Sikuuona mkono wa mtu ukifanya ubaya. Wewe uliuona?"

Nikamwambia kuwa waamuzi ndio waliosema.

"Basi sema waamuzi wamesema. Usiseme wamekamatwa. Anayekamatwa ni mtu, mwanangu, naye ana jina. Wewe umemkamata nani?"

Nikakosa jibu. Nikamwahidi kwamba nitasahihisha katika taarifa ya saa saba. Ilipofika saa saba kulikuwa na habari nyingine za soka, na dakika zangu zilikuwa zile zile. Sikusahihisha siku hiyo, wala siku iliyofuata. Hakuna aliyenizuia, nilipuuza tu. Mzee hakupiga simu tena, na jina lake sikuliuliza.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huo kesi ikasikilizwa London, mbele ya Ranjan Madugalle, nahodha wa zamani wa Sri Lanka. Mpira wenyewe uliletwa mezani. Geoffrey Boycott, mpigaji mashuhuri wa zamani wa Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi wa kuwafaa Pakistan. Madugalle aliuangalia mpira na akaona kwamba alama zilizokuwamo hazikutosha kumthibitishia kuwa umeharibiwa makusudi. Inzamam hakuwa na hatia ya kuuharibu mpira. Alikutwa na hatia ya kuuvunjia mchezo heshima kwa kukataa kutoka, akafungiwa mechi nne za siku moja.

Mwamuzi Hair naye hakusalimika. Katika siku zilizofuata mechi, Baraza la Kriketi la Kimataifa lilitangaza kwamba alikuwa amewaandikia akisema yu tayari kujiuzulu kama angelipwa dola 500,000. Mwishoni mwa mwaka aliondolewa katika mechi kubwa, akarudishwa kwa muda mfupi mwaka 2008, kisha akaondoka mwenyewe. Na matokeo ya mechi? Julai 2008 baraza liliyabadilisha yakawa sare; Februari 2009 likayarudisha kama yalivyokuwa. Hata wakubwa wa mchezo walishindwa kujua waandike nini.

Nataka kuwa mwadilifu kwa wazee wangu wote wawili wa barazani. Yule anayewatetea waamuzi ana hoja. Sheria ya wakati ule haikuwataka wamwone mhalifu; iliwataka wautazame mpira, na wakikubaliana kwamba umebadilishwa isivyo halali, waubadilishe na watoe adhabu papo hapo. Hair na Doctrove walitumia mamlaka waliyopewa. Na timu inayokataa kuingia uwanjani inajiweka juu ya sheria. Kama kila mwenye uchungu angebaki chumbani, pasingekuwa na mchezo wowote duniani.

Lakini yule wa pili naye ana hoja, na ndiyo iliyo nzito kwangu. Tuhuma ya udanganyifu si kama kosa la kukanyaga mstari. Haifutiki kwa kuubadilisha mpira. Inamfuata mtu mpaka kwao, mpaka kwa watoto wake. Waliotuhumiwa walitoka katika nchi iliyokuwa imetuhumiwa hivyo kwa miaka kumi na minne, na ujuzi wao wenyewe ndio uliokuwa ukiitwa wizi. Tuhuma ya namna hiyo, kabla haijatolewa mbele ya dunia, inahitaji kitu zaidi ya alama kwenye ngozi, kwa maana ngozi huchubuliwa pia na ukuta.

Ushahidi unapokuwapo, hali huwa nyingine kabisa. Tarehe 24 Machi 2018, uwanjani Newlands mjini Cape Town, Australia walikuwa wanazidiwa na Afrika Kusini. Kamera zikamnasa kijana Cameron Bancroft akiwa na kitu cha rangi ya manjano mkononi, kisha akikificha ndani ya suruali. Kilikuja kujulikana kuwa ni msasa, ule ule wanaotumia maseremala. Jioni ile ile yeye na nahodha wake, Steve Smith, walikaa mbele ya waandishi wa habari wakakiri. Smith na makamu wake, David Warner, walifungiwa na chama cha nchi yao miezi 12, na Bancroft miezi tisa. Kocha Darren Lehmann akajiuzulu. Mechi yenyewe walishindwa kwa mikimbio 322.

Sasa tazameni maajabu. Siku ile Cape Town waamuzi waliukagua mpira, hawakuona mabadiliko ya kutosha, wakauacha uendelee bila kutoza hata mkimbio mmoja. Kwa hiyo mwaka 2006 mpira ulihukumiwa na mhalifu hakupatikana. Mwaka 2018 wahalifu walikiri, na mpira ukaonekana hauna kosa. Hii yatuonyesha kwamba alama za ngozi peke yake ni shahidi asiyetegemeka. Mtu akiutazama mpira tu anaweza kumhukumu asiye na kosa, na anaweza pia kumwachia aliye nalo.

Kwa sisi tunaokaa nyuma ya kipaza sauti, somo ni hilo hilo. "Amesema" na "amefanya" ni maneno mafupi yote mawili, na yanaweza kutamkwa kwa pumzi moja. Lakini baina yake pana haki ya mtu. Kazi yangu asubuhi ile ya 2006 ilikuwa kulishika neno la kwanza, nikalishika la pili kwa sababu lilikuwa tamu zaidi masikioni.

Mvua ilipokatika barazani, wazee wangu waliagana kwa kucheka, kila mmoja na lake. Mimi nikaondoka nikijua la kufanya.

Kwa hiyo, wasikilizaji, naomba nisahihishe. Taarifa niliyoisoma Jumatatu tarehe 21 Agosti 2006, kwamba wachezaji wa Pakistan wamekamatwa wakiuharibu mpira, haikuwa sahihi. Ilivyopasa kusomwa ni hivi: waamuzi wa mechi ya The Oval wamesema hali ya mpira ilibadilishwa isivyo halali, hakuna mchezaji aliyetajwa, Pakistan wanakanusha. Na ile methali niliyoifungia taarifa naiondoa.

Mzee uliyepiga simu asubuhi ile, kama bado wasikiliza redio, Mungu akuzidishie. Nimechelewa, lakini nimesahihisha. Wengine wote, tukutane tena juma lijalo, saa kama hii, panapo majaliwa.